Maswali ya Wasomaji: Trapezi ya Kuruka kwa Mtu Mzima

Barua za mwezi huu kutoka Tanga na Bagamoyo zimerudi kwenye jambo moja: trapezi ya kuruka, ule mchezo wa kubembea juu ya wavu kwa bomba lililofungwa kamba mbili, kuliachia hewani na kudakwa na mwenzako. Wengi wanaouliza si wanasarakasi. Ni watu wazima wenye kazi zao wanaotaka kuujaribu kama burudani. Tumejibu barua saba.

*Shikamooni. Nina miaka 43, fundi cherehani hapa Ngamiani. Kutwa nimekaa kwenye mashine na siwezi kujivuta kwenye chuma hata mara moja. Nimeshachelewa?* – Fundi, Tanga

Marahaba, fundi. Hujachelewa, na kujivuta si sharti la kuanza. Anayeanza trapezi huning'inia tu, bembea ndiyo inayompeleka. Kinachotakiwa ni vidole na mabega kustahimili mzigo, na mzigo wenyewe si uzito wako wa kawaida. Ukianza bembea kamba zikiwa zimelala nyuzi 60 kutoka wima, wakati wa kupita chini kabisa mikono hubeba uzito wako mara mbili. Mtu wa kilo 70 anabeba 140, kwa kitambo kifupi tu, lakini anazibeba. Ukianzia nyuzi 45 ni kama mara moja na nusu, na zaidi kidogo.

Kwa hiyo jiandae kuning'inia. Tafuta chuma imara, si fremu ya mlango. Siku 3 kwa wiki, ning'inia mara 3, kila mara sekunde 15, ukipumzika dakika 2 katikati. Ongeza sekunde 5 kila wiki hadi ufike 40. Ukishazoea, ongeza zoezi hili: ukiwa umening'inia na viwiko vimenyooka, shusha mabega mbali na masikio, shikilia sekunde 2, kisha yaachie yapande taratibu. Mara 8 zinatosha. Watu hulidharau kwa sababu halionekani kama zoezi, na ndilo linalolinda bega kuliko yote.

Tumbo nalo: lala chali, gandamiza kiuno sakafuni, nyanyua mabega na miguu kidogo, kaa hivyo sekunde 20, mara 3. Kisha rudi kwenye chuma, vuta magoti kifuani mara 6 bila kujirusha.

Wewe wa cherehani una tatizo lako la pekee: mabega yamezoea kuja mbele. Kata tyubu ya baiskeli upate ukanda wa mita moja, ushike mbele ya kifua mikono ikiwa imenyooka, uvute hadi mikono ifunguke pembeni. Mara 15, kila jioni. Usipoyarudisha mabega nyuma kwanza, kuning'inia kutakuuma mbele ya bega na utasema mchezo ni mbaya.

Misuli kuuma siku mbili baada ya zoezi ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla, ganzi ya vidole, au bega kuhisi linataka kutoka: simama, nenda hospitali. Aliyewahi kuteguka bega, mjamzito, mwenye ngiri, presha isiyodhibitiwa au glakoma (presha ya macho) asipande wala asining'inie kichwa chini kabla ya kuongea na daktari. Shule nyingi za trapezi huweka pia kikomo cha uzito, aghalabu kati ya kilo 90 na 115, kwa sababu ya vifaa na ya yule anayeshika kamba. Uliza kabla ya kulipa.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo. Likizo nitasafiri kwenda kwa mdogo wangu nje ya nchi na mjini kwake kuna shule ya trapezi. Ninataka kujua somo la kwanza linakwendaje, hatua kwa hatua, nisije nikaduwaa kule juu.* – Mwalimu, Dunda

Mwalimu, utaanzia chini, kwenye bomba fupi lililofungwa urefu wa kufikiwa na mkono. Hapo utafundishwa kupitisha magoti katikati ya mikono, kuyakunja juu ya bomba na kuachia mikono. Ukilifanya vizuri chini, juu litakuwa lile lile, ila safari hii bomba linatembea.

Kisha utafungwa mkanda mpana kiunoni, ubane kiasi cha kukuudhi. Mkanda uliolegea hupanda mbavuni. Kila upande wa mkanda huunganishwa kamba inayopanda hadi kwenye makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) juu, kisha inashuka hadi mikononi mwa mwalimu aliye chini. Huyo ndiye mshika kamba. Anaweza kukupunguzia kasi, kukusimamisha hewani na kukushusha polepole wavuni. Mwanafunzi haondolewi kamba hizo hadi mwalimu aamue.

Utapanda ngazi hadi jukwaani, kimo cha mita 7 hivi. Jukwaa ni jembamba. Mwalimu wa juu atakushika mkanda kwa nyuma. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa mara ya kwanza: bomba liko mbele, ni zito, nao wanalifuata kwa kuinama kiunoni, makalio nyuma. Ukiinama hivyo bomba litakuvuta vibaya. Weka vidole vya miguu kwenye ukingo, sukuma nyonga mbele, kifua juu, na umwachie mwalimu uzito wako. Mkono wa kwanza unashika bomba, wa pili unaachia nguzo na kulifuata.

Zipo amri mbili. Kwa “tayari” unakunja magoti. Kwa “hep”, neno ambalo karibu kila shule hulitumia, unatoka. Unatoka kwa kamruko kadogo tu. Usiruke juu! Ukiruka juu, kamba za bomba hulegea, kisha hukaza kwa kishindo, na kishindo hicho kinaishia vidoleni. Wala usikunje viwiko. Ukikunja, bembea inakuwa fupi na yenye mitikisiko.

Sasa sikiliza muda, maana mchezo mzima uko humo. Kamba za bomba zikiwa na urefu wa mita 4, kwenda na kurudi ni sekunde 4 hadi 5 hivi, uwe mnene au mwembamba. Kutoka jukwaani hadi mwisho wa mbele unazo sekunde 2 na kidogo. Pale mwisho wa mbele, na tena mwisho wa nyuma, kuna kitambo ambacho mwili unakuwa kama hauna uzito. Kila jambo hufanywa hapo:

Mwisho wa mbele, mara ya kwanza: “miguu juu.” Vuta magoti, yapitishe, yakunje juu ya bomba.

Mwisho wa nyuma: “achia mikono.” Nyoosha mikono, kunja mgongo kwa nyuma, angalia mbele kule unakokwenda.

Mwisho wa mbele, mara ya pili: hapa ndipo siku nyingine utadakwa. Leo unanyoosha mikono hewani na kupita.

Kisha utaambiwa kushika bomba tena, kushusha miguu, na kuachia ukiwa mbele ili utue wavuni.

Kosa kubwa la mtu mzima ni kufikiri. Anaambiwa “miguu juu”, anajiuliza, anaanza kuvuta magoti akiwa tayari anarudi chini. Pale chini miguu ni mizito maradufu, kwa hesabu ile ile tuliyompa fundi. Anakakamaa, anashindwa, anasema hana nguvu. Nguvu anazo, ila amechelewa nusu sekunde. Ukisikia amri, tii kwanza, utaelewa baadaye. Tunajua si rahisi kwa mwalimu wa shule.

Kutua: tua kwa mgongo au kwa makalio, kidevu kifuani, mikono ikumbatie kifua. Usitue kwa miguu, kwa kuwa wavu humeza kifundo, au unakurusha ukiwa umesimama na goti linapinda. Usipeleke mikono nyuma kujikinga, kidole kinaingia kwenye tundu na kifundo cha mkono kinaumia. Ukitulia, tambaa hadi ukingoni, shika ukingo kwa mikono miwili na ushuke kama watakavyokuelekeza.

*Hapa Pongwe tunayo miembe mikubwa na kamba za katani za kumwaga. Tukifunga bomba la maji tukaweka magodoro chini, si trapezi hiyo?* – Vijana watatu, Pongwe

Vijana, hapana. Trapezi ya kuruka bila wavu, bila mkanda na bila mshika kamba aliyefunzwa ni njia ya kuvunja shingo, na godoro halibadilishi chochote. Anayeachia bomba kwa kuchelewa huenda mbele, mita kadhaa nje ya godoro lenu.

Ila mnaweza kufunga bembea tuli: bomba lisilobembezwa, kimo cha kifua, la kufanyia mazoezi ya kuning'inia na kupitisha magoti. Hapo maswali yenu yana maana, tuyajibu.

Katani ni mali ya Tanga na tunaipenda, lakini si kwa kazi hii. Ni dhaifu kuliko kamba za sintetiki za unene ule ule. Inanyonya maji, na inaoza kuanzia ndani huku nje ikionekana nzima. Ifungueni kamba ya katani iliyokaa msimu mmoja wa masika nje, mzisokotoe nyuzi zitengane: mtakuta vumbi la kahawia katikati na nyuzi zinazokatika kwa kucha. Ile ya plastiki ya bluu ambayo wengi huiita manila nayo huchakazwa na jua, ikawa inatoa unga mkononi. Nailoni hunyumbuka mno. Tumieni poliesta, unene wa milimita 16 hadi 20 ili mkono uishike vizuri. Hesabu yake: mtu wa kilo 70, mara mbili kwa mitikisiko, mara kumi kwa usalama, ni kilo 1,400. Kila kiungo kiubebe, kamba, karabina (kulabu ya chuma yenye mlango wa kujifunga) na kile kinachoshikilia juu. Karabina ya kupandia milima iliyochongwa namba 22 kN hubeba zaidi ya kilo 2,200. Ile ya funguo au ya begi haimo.

Na fundo hupunguza nguvu ya kamba, mara nyingine hadi karibu nusu. Kama kamba inaweza kuunganishwa kwa kusukwa jicho, na mafundi wa jahazi wa pwani hii wanaijua kazi hiyo, sukeni. Jicho livikwe pete ya chuma yenye mfereji ndani ili kamba isisagike.

Mwembe: tawi lililo hai, nene kuliko paja la mtu mzima, karibu na shina, lisilo na shimo wala utomvu mweusi unaochuruzika. Mkorosho, msiujaribu kabisa. Afadhali zaidi ni boriti ya chuma iliyopimwa na fundi wa majengo. Chini, ondoeni mizizi na mawe, wekeni magodoro mawili, na mmoja wenu awe amesimama karibu wakati wote.

*Kwa nini tusifunge trapezi Raskazone, juu ya maji? Wavu ni ghali, bahari ni bure.* – Mwogeleaji, Raskazone

Wazo lako lina ukoo mzuri. Jules Léotard, Mfaransa aliyeonyesha trapezi ya kuruka mbele ya watu huko Paris tarehe 12 Novemba 1859, alifanyia mazoezi juu ya bwawa la kuogelea la baba yake mjini Toulouse. Lakini bwawa lina kina kile kile asubuhi na jioni. Tanga wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mahali ulipojirusha saa kumi maji yakiwa yamejaa, saa nne utakuta mawe.

Hata maji yakiwepo, ukianguka kutoka mita 6 unayafikia kwa kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Anayejirusha kwa hiari huingia kwa miguu, ameunyoosha mwili. Anayeanguka kutoka trapezi huingia anavyoingia, mara nyingi kwa tumbo au mgongo. Wavu unabonyea chini yako na kukusimamisha taratibu. Maji hayana hisani hiyo. Kisha chumvi: waya wa chuma uliokaa ufukweni huanza kutu ndani ya jicho, pale pasipoonekana. Hata vifaa vilivyofungwa mbali kidogo na bahari hapa pwani vikaguliwe kila mara kabla ya matumizi. Pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, na waya huo umekwisha kazi.

*Navaa hijabu, na sitaki kuvaa nguo za kubana mbele ya watu. Nitaweza?* – Dada, Makorora

Utaweza, dada. Vaa suruali ya kunyumbuka inayofika kifundoni. Hata asiyevaa hijabu tungemshauri hivyo, maana bomba huchuna ngozi ya nyuma ya goti. Juu, fulana ya mikono mirefu ichomekwe ndani ya suruali, kwa sababu utakuwa kichwa chini. Ukitaka, ongeza kaptura pana inayoishia juu ya goti, mkanda ufungwe juu ya vyote. Hijabu iwe ya michezo, ya kuvaa kwa kichwa bila pini, ncha ziingie ndani ya kola. Pini huchoma, na ncha inayopepea hunaswa kwenye kamba za mkanda au tundu la wavu. Dera, kanga na mtandio havipandi ngazi. Pete, bangili, saa na hereni ziachwe chini kwa mtu unayemwamini. Kama mwanamke kukufunga mkanda ni muhimu kwako, sema mapema siku ya kujiandikisha, usisubiri foleni.

*Nikifanya mazoezi viganja vinatoka malengelenge na joto la huku jasho haliishi. Nimejaribu chaki ya ubaoni na poda ya mtoto. Na je, Ramadhani niendelee?* – Karani wa bandari, Tanga

Poda ya mtoto iache kabisa, imetengenezwa ili ngozi iteleze. Chaki ya ubaoni nayo haivuti jasho inavyotakiwa, inaacha tope. Kinachotumika ni magnesiamu kaboneti, unga mweupe wa wanamichezo wa viungo na wapanda milima. Kausha mikono kwa taulo kwanza, pakaa kidogo, sugua hadi kwenye mikunjo, pulizia unaozidi. Ukipakaa nyingi inageuka mavumbi yanayobingirika chini ya vidole. Futa bomba pia. Hapa pwani bomba lenyewe hutoka jasho asubuhi.

Malengelenge mengi husababishwa na namna ya kushika. Ukiweka bomba katikati ya kiganja, uzito ukianza kuvuta, ngozi ya chini ya vidole inakunjwa na kubanwa. Liweke tangu mwanzo kwenye mstari ambapo vidole vinaungana na kiganja. Sugu zikikua, zisugue baada ya kuoga kwa jiwe la kusugulia miguu, zibaki bapa, maana sugu iliyoinuka ndiyo inayong'oka na nyama. Likishapasuka lengelenge, kata ngozi iliyokufa, safisha kwa maji na sabuni, funika, pumzisha hadi ngozi mpya isiume. Mafuta ya nazi ni usiku, si saa ya mazoezi.

Ramadhani: kuning'inia fanya saa moja na nusu au mbili baada ya futari nyepesi, punguza nusu. Kichwa chini na tumbo la futari kamili havielewani. Mchana wa kufunga acha kupanda juu, kizunguzungu jukwaani si jambo la kujaribu.

*Mimi ni mwanasarakasi, nimebeba watu kwenye piramidi miaka mingi. Nataka kuwa mdakaji. Nianzie wapi?* – Bagamoyo

Ndugu, mgongo na mabega ya piramidi unayo tayari, kwa hiyo tuongee muda na mikono. Mdakaji hubembea kichwa chini kwenye bomba lake, miguu ikiwa imezungushwa kwenye kamba za bomba. Hudaka kwa kushika kifundo cha mkono cha mrukaji, na mrukaji hushika cha kwake. Kiganja kwa kiganja kinateleza. Funga bandeji ya michezo kifundoni na uipakae unga huo huo wa magnesiamu, jasho la kifundo ni adui kuliko la kiganja.

Mrukaji mgeni atataka kukukamata. Mkataze. Kazi yake ni kunyoosha mikono, viganja vikuelekee, na kutulia. Kudaka ni kazi yako. Wote wawili mkikimbiza mikono, vidole vinagongana na hakuna anayeshika. Ukimdaka, usikunje viwiko kumvuta, mwache uzito wake unyooshe mikono yako taratibu.

Muda: wewe ndiye unayeanza kubembea, na ni wewe au mwalimu wa jukwaani mnaoamua mrukaji aondoke lini. Mnatakiwa kufika pamoja kwenye ncha, yeye mbele yake na wewe mbele yako, maana hapo nyote mmesimama kwa kitambo. Bembea yako isipofika kimo cha kutosha, atakukuta unarudi na mikono yake itapita chini ya yako. Mrukaji akitoka jukwaani amechelewa, usimfukuze. Mwache apite, aende wavuni, mrudie.

Anza chini: ning'inia kwa magoti kwenye bomba tuli, mwenzako asimame akunyooshee mikono, mshike, aning'inie kwa uzito wake sekunde 10, mara 5. Kisha mfanye wote mkiwa mnabembea kidogo, magodoro chini. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iko hapo hapo mjini kwako, na sarakasi ni sehemu ya kazi zake. Nenda ukaulize mwenzi wa mazoezi anayejua kushika, kabla ya kutafuta wa kuruka. Na kila mrukaji mpya unayemdaka kwa mara ya kwanza awe kwenye kamba za usalama, hata akikuambia ameshafanya mara mia.